Nusu Zilizorudi Majini

Jina la Ngumi hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwenye meza ya samaki, siku ambayo mchuuzi mmoja mwenye kifua kama pipa alimpapasa kiuno wakati mikono yake ilikuwa ndani ya tumbo la jodari. Hakupiga kelele. Aliuchomoa mkono wa kulia ukiwa bado unachuruzika damu, akaukunja, akampiga nao mtu yule mdomoni. Mchuuzi alianguka chali juu ya ndoo za barafu, jino lake la mbele likaruka na kutua katikati ya fungu la dagaa, na wanawake waliokuwa wakipara samaki wakaacha kazi kwa kicheko.

"Mpisheni Ngumi!" mmoja wao alipaza sauti, na tangu siku hiyo hata watoto wa shule walimwamkia, "Shikamoo, Shangazi Ngumi."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilisikika kutoka kwenye meza za saruji mpaka kwenye mashine ya barafu. Mume wake alikuwa mzamiaji, mtu mpole aliyeitwa kila nanga iliponasa au wavu ulipojiviringisha kwenye injini. Alikufa kwa homa kitandani, akamwachia mkewe mtungi wa hewa, miwani ya kuzamia na ujuzi wa kuvitumia. Mtoto hawakujaliwa. Ndugu pekee aliyebaki ni mdogo wake wa kiume, ambaye Ngumi alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, akamchapa, akamsomesha, akamwoza. Watu walimwita Nahodha, kwa dhihaka kidogo, kwa sababu boti yake ilikuwa ndogo na haikwenda mbali. Ilikuwa na kioo sakafuni, na wageni waliipanda ili kutazama matumbawe bila kulowa.

Matumbawe hayo yalikuwa mbele ya diko, pale wavuvi walipoegesha mashua na kuuza samaki, pale maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa bluu. Mtu asiyezama hudhani tumbawe ni jiwe. Kumbe ni wanyama wadogo wasiohesabika waliojenga nyumba moja na kukaa humo vizazi kwa vizazi, wakiwapa samaki hifadhi. Sehemu moja ya mwamba huo ilizungukwa na kuta za matumbawe pande tatu, na mume wa Ngumi aliiita Chumba. Humo ndimo alimofundisha mkewe kupumua chini ya maji, akimshika mkono mpaka alipoacha kutapatapa.

Diko lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, lakini iliheshimiwa kuliko zilizoandikwa: mabaki ya mezani hayazikwi nchi kavu, yanarudi majini. Zamani yalitupwa nyuma ya ghala, yakaleta nzi, nzi wakaleta kuhara, na kuhara kukazika watoto. Ndipo wapasuaji wa samaki walipokubaliana kwamba vichwa, mapezi na matumbo visukumwe kwenye mfereji unaopita chini ya meza na kumwagika baharini, ambako samaki wadogo huvigombania. Aliyethubutu kuzika utumbo mchangani alitukanwa na diko zima, na Ngumi ndiye aliyeongoza matusi. Sheria hiyo njema ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Nahodha ndiye aliyeleta habari.

"Dada, kuna kitu kinakula Chumba."

"Kitu gani?"

"Kaone mwenyewe. Wageni wananiuliza kama mwamba umepakwa chokaa."

Ngumi alijifunga mtungi wa marehemu akashuka. Alichokiona kilimkasirisha kabla hakijamtisha. Juu ya ukuta wa kushoto kilikuwa kimelala kiti cha pweza, lakini si kile chenye mikono mitano ambacho watoto hukiokota maji yakikupwa. Hiki kilikuwa kipana kama sinia, rangi ya jeraha lililovilia damu, chenye mikono mingi iliyosambaa pande zote, na kila mkono umeota miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Alikipindua kwa ncha ya kisu. Tumbo lake lilikuwa limetoka nje kupitia mdomoni, limetandazwa juu ya tumbawe kama kitambaa chenye kamasi, na lilikuwa likiwayeyusha wale wanyama wadogo wakiwa hai. Mahali kilipokuwa kimelala palibaki mfupa mtupu, mweupe.

Ngumi aliishi kwa kupasua matumbo, na hakuwa mtu wa kuchefuka. Lakini ulaji ule aliuona wa kihuni. Kitu hakitafuni, hakimezi, kinamtapikia mwenzake tumbo na kumlalia mpaka aishe! Alikikita kisu katikati, akakipasua kuanzia upande huu hadi ule kama anayepasua papai. Kisha akageuza uso akaona kingine. Na nyuma yake kingine. Ukuta mzima ulikuwa unatembea.

Alipoibuka alimkuta mdogo wake ameketi ukingoni mwa boti, anautazama mkono wake mwenyewe badala ya kumtazama dada.

"Chumba kikifa, boti yangu itaonyesha nini? Mchanga?" Nahodha alisema. "Mke wangu anasema twende kwao. Baba yake ana gereji, nafasi ipo. Mimi nimemwambia, tungoje tuone. Chumba kikipona, tunabaki. Kikifa, dada, nitaondoka."

"Utaondoka uende ukatambae chini ya magari."

"Magari hayaliwi na viti vya pweza."

Ngumi alianza kufungua mikanda ya mtungi. Katika maisha yake alikuwa amewapiga watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuumiza kama maneno yale. Nyumba yake na ya mdogo wake zilipakana ukuta. Asubuhi alisikia kikohozi chake kabla ya kusikia jogoo. Hakujua angeamkaje katika nyumba isiyo na kikohozi kile upande wa pili.

Wiki hiyo ofisi ya uvuvi ilimtuma mtaalamu, binti mwembamba mwenye miwani ya macho na begi la turubai. Alisimama mbele ya meza za saruji akaeleza kwa adabu kwamba viti vya miiba visikatwe. Vidungwe sindano ya siki, kimoja kimoja, au vitolewe vizima na kuzikwa nchi kavu, kwa sababu nusu iliyobaki na sehemu ya kiini huweza kupona na kuota mikono mipya.

Meza zote ziliangua kicheko.

"Siki?" mpasuaji mmoja aliuliza. "Unataka tuviue au tuvitengeneze kachumbari?"

"Binti," Ngumi alisema, huku akifuta kisu kwenye aproni, "mimi nimepasua samaki kabla mama yako hajakuota. Sijawahi kuona nusu ya jodari ikishuka mezani na kwenda zake."

"Hiki si samaki, shangazi. Hakina hata damu kama yetu. Na kuhusu kuzika..."

"Kuzika?" Ngumi alimsogelea. "Hapa hatuziki uchafu mchangani. Tumeshazika watoto kwa sababu ya uchafu huo. Nani amekutuma uje kutuua?"

"Sikilizeni kwanza..."

Hakumaliza. Ngumi alimsukuma kwa kiganja kifuani. Hakukusudia aanguke, lakini sakafu ya diko ina utelezi wa magamba, na binti aliteleza akigeuka, akaenda chini kifudifudi kwenye mfereji wa matumbo. Miwani ilivunjika. Aliinuka na utumbo shingoni, damu ikimtoka puani, akaokota begi lake, akaondoka. Watu walicheka tena, ila kicheko hicho hakikudumu.

Kesho yake diko lilikwenda vitani. Walioweza kuzama walizama, na wasioweza walikaa ndani ya mashua wakiwa na mapanga, mashoka na nyundo. Wazamiaji walivichomoa viti vya miiba kwa vyuma vya kuanulia nyavu na kuvirusha juu, na waliokuwa juu walivikatakata kwenye mbao za mashua. Maji ya njano yaliwarukia usoni. Miiba ilivunjika na kuchoma viatu. Mwanamume mmoja alidungwa paja, akalia kama mtoto, wenzake wakamlaza kando na kuendelea kukata. Kulikuwa na nyimbo, matusi, na furaha ya aina ile ambayo mtu huionea haya baadaye. Ngumi alikuwa ndani ya Chumba akipasua kwa panga, kushoto na kulia, mpaka maji yakawa na ukungu wa vipande na asiweze kuuona mkono wake. Panga lilipokosa kiti lilipata tumbawe, na matawi yaliyochukua miaka kukua yalidondoka kama vyungu. Hakujali. Alikuwa anampigania mdogo wake.

Na vipande vilipojaa ndani ya mashua, hakuna aliyeuliza vipelekwe wapi. Mabaki hurudi majini. Walivisukuma kwa makasia na miguu, nusu kwa nusu, robo kwa robo, vikazama polepole juu ya mwamba uleule.

Kwa muda mambo yalionekana mema. Nahodha alipeleka wageni, mkewe akanyamaza kuhusu gereji, na Ngumi akasimulia vita vile mezani kila siku, kila siku akivinenepesha kidogo. Halafu msimu ukageuka, wageni wakaanza tena kuuliza habari za chokaa.

Ngumi alishuka. Ukuta wa kushoto ulikuwa umekufa wote, umevaa ukungu wa kijani kama mkate uliosahauliwa. Ukuta wa katikati ulikuwa mweupe nusu. Na juu yake kulikuwa na viti vya miiba vya umbo asilowahi kuliona: upande mmoja mikono mirefu, mizito, upande wa pili mikono midogo kama vidole vya mtoto mchanga, ikichomoza kutoka kwenye mstari ulionyooka. Aliukaribia mstari huo. Alikuwa mpasuaji, na mpasuaji hutambua mkato wake kama watu wengine wanavyotambua mwandiko wao. Ulianzia juu kidogo ya katikati na kushuka kwa mshazari, kwa sababu kiwiko chake cha kulia hakinyooki vizuri. Si vyote vilikuwa hivyo. Vingi vilikuwa vizima, vigeni. Lakini vile vilivyopona mkato wake vilimtosha.

Alipanda juu, akavua nguo ya kuzamia, akaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya uvuvi na nywele zikidondosha maji. Binti mtaalamu alikuwa kwenye meza iliyo karibu na choo, na miwani yake mpya. Alipomwona alirudisha kiti nyuma mpaka ukutani.

"Sikuja kupigana," Ngumi alisema. "Nimekuja unisukume na wewe, ili tuwe sawa."

Binti alimtazama mabega yake. "Siwezi kukusukuma, shangazi. Nitajivunja mkono."

"Basi nitukane."

"Nilishakutukana. Tangu siku ile mpaka leo sijapumzika."

Ngumi alicheka kwa mguno, akaketi bila kukaribishwa. "Sindano zako zile bado unazo?"

Zilikuwepo, sindano nene kama za kuchanjia ng'ombe, zimeungwa kwenye vijiti virefu, na madumu ya siki. Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko vita. Unakitafuta kiti chini ya ubao wa tumbawe, unaingiza sindano kwenye shina la mkono, unabonyeza, unakwenda kwenye kingine. Hakuna mlio, hakuna kitu cha kupiga. Ukirudi siku inayofuata unakikuta kimelegea, miiba imelala, ngozi inafunguka madonda, na samaki wanakidonoa. Ngumi alikiri mezani kwamba hajawahi kuona mauaji ya kikatili yaliyo kimya namna ile. Nahodha ndiye aliyepiga mbizi pamoja naye. Binti alibaki ndani ya boti akijaza sindano.

Sharti la Ngumi lilikuwa moja: panga lisipande botini.

Nahodha hakuwa na subira ya sindano. Mkewe alikuwa ameanza kufunga mizigo, na godoro lilisimama limeviringishwa mlangoni, limefungwa kamba. Kila alipotoka nyumbani alilazimika kulipisha godoro hilo. Asubuhi moja walikuta ukuta wa tatu, ule wa kulia, uliokuwa bado hai, umevamiwa. Kiti kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimelikumbatia tumbawe la duara ambalo wageni walilipenda, lile lenye mikunjo kama ubongo. Ngumi alikuwa akibonyeza sindano upande mwingine aliposikia mapigo. Chini ya maji mlio hauna upande. Unausikia ndani ya meno. Aligeuka akamwona mdogo wake na panga lililotoka chini ya benchi la boti, analishusha kwa mikono miwili. Kiti kilipasuka. Tumbawe likapasuka pia, likatoa vumbi jeupe.

Alimrukia mgongoni. Alimkaba shingo kwa mkono wa kushoto, na kwa ngumi ya kulia akampiga kwenye kifundo cha mkono, mara nyingi, kama alivyozoea kuvunja kichwa cha samaki. Nahodha alitupa kiwiko nyuma, kikampata dada yake taya, mdomo wa hewa ukamtoka. Maji ya chumvi yakamjaa kooni. Hakumwachia. Viputo viliwafunika wote wawili wakawa hawaonani, wanapapasana na kupigana kama walivyopigana utotoni kwa ajili ya shuka moja, isipokuwa safari hii mmoja alikuwa na panga. Likamkwaruza Ngumi pajani. Akambana kidole gumba, akakipinda, panga likadondoka likizunguka mpaka mchangani. Ndipo Nahodha, kwa hofu au kwa hasira, hata yeye hakujua, alipomsukuma kwa miguu yote miwili.

Ngumi alikwenda nyuma kuelekea ukutani, akatanguliza mkono wa kulia ili asijigonge. Mkono ulitua juu ya kile kiti kilichopasuka.

Miiba ilipita kwenye glavu kana kwamba ni karatasi. Mmoja ulitokeza upande wa pili wa kiganja. Aliona damu yake ikitoka nyeusi, kwa sababu huko chini nyekundu haionekani, na maumivu yakapanda mpaka begani kama moto unaopanda kwenye kamba. Nahodha alimwona. Alimtia mdomo wa hewa kinywani, akamkumbatia kiunoni, akampandisha.

Botini Ngumi alitapika, kisha akatukana, kisha akatapika tena. Mkono ulikuwa unavimba wakiuangalia. Binti mtaalamu alisema, "Maji ya moto! Sumu hii inapunguzwa na maji ya moto." Lakini kwenye boti ya kioo hakuna jiko. Kulikuwa na chupa ya chai ya Nahodha tu. Binti akaimimina kwenye ndoo, akaipima kwa kiwiko chake, akautumbukiza mkono.

"Ina sukari," Nahodha alisema kwa sauti ya kijinga.

"Nyamaza wewe," Ngumi alinguruma. "Leta koleo la injini."

Nahodha alishika koleo, akang'oa mwiba wa kwanza, ukakatikia ndani. Akasogea ukingoni akatapika. Binti ndiye aliyeendelea. Alimkandamiza shangazi mkono kwa goti, akawa anang'oa, na kila mwiba ulipotoka Ngumi alipiga sakafu kwa kichwa mpaka kioo kikaita.

"Sasa tuko sawa?" binti aliuliza alipomaliza, jasho likimtoka.

"Umezidisha," Ngumi alisema, kisha akazimia.

Hospitalini walimchana mara mbili kutafuta vipande vilivyojificha kwenye viungo. Daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha: vidole viwili vya katikati havitakunjika tena. Mkono ulipopona ulibaki umefunguka nusu, kama wa mtu anayeomba apewe kitu. Kisu hakikukaa humo. Mezani walimpa kazi ya kugawa barafu kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumtania kuhusu jina lake, jambo lililomuudhi kuliko utani wenyewe.

Nahodha hakuja kumwona kwa muda mrefu. Kikohozi chake kilisikika ukutani, basi. Ngumi alijua godoro bado limefungwa. Aliliona kila alipopita mlangoni kwao.

Siku aliyoruhusiwa kuzama alitoa mtungi wa marehemu uani, akauegemeza kwenye ngazi, akaingiza mabega kwenye mikanda. Kifungo cha kifuani kilimshinda. Mkono wa kulia uliusukuma mkanda badala ya kuushika. Alijaribu kwa meno. Aliutukana mtungi, akaitukana bahari, akaanza kuwatukana mababu.

"Nyoosha mgongo," sauti ilisema.

Nahodha alikuwa amesimama nyuma yake. Alipiga magoti, akafunga kifungo cha kifuani, kisha cha kiunoni, akavuta kila mkanda kama alivyofundishwa na shemeji yake zamani. Hakumtazama usoni.

"Mkeo yuko wapi?" Ngumi aliuliza.

"Ndani. Analitandika godoro."

"Kwa nini?"

"Nimemwambia hatuendi." Alivuta mkanda wa mwisho kwa nguvu mno. "Nikienda, nani atakufungia mtungi?"

"Nitaolewa tena."

"Na nani, na mdomo huo?"

Ngumi aligeuka ampige kibao, kwa mazoea. Mkono uliofunguka ulimgusa shavu tu, ukatua pale, na hakuuondoa mara moja. Kisha Ngumi akasema, "Chukua sindano, maji yanakupwa."

Chumba kilikuwa kimebaki na ukuta mmoja. Lile tumbawe la duara lilikuwa na ufa mweupe katikati, lakini pande zake mbili zilikuwa bado za kahawia, hai, na samaki wadogo wa bluu walikuwa wamehamia ndani ya ufa. Chini yake, kwenye kivuli, kulikuwa na kiti cha miiba chenye mikono mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine. Mstari wa mkato ulishuka kwa mshazari.

Ngumi alikibana kijiti cha sindano kwapani, akaingiza ncha kwenye shina la mkono mrefu kabisa, akabonyeza kwa kisigino cha kiganja kisichofungika. Kiti kilijikunja kidogo. Alingoja mpaka siki yote iingie, kisha akamwonyesha mdogo wake kilipo kingine.